Duara la Chumba Namba Nne

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo, tena ipokee kama vile nimepiga magoti mbele yako, maana ni muda mrefu sijakuandikia kwa mkono wangu. Ni matumaini yangu barua hii itakukuta mzima, cherehani inazunguka, na wateja wamepunguza ile tabia ya kuleta kitambaa leo na kutaka gauni jana. Goti linaendeleaje? Bado unapanda ngazi za nyuma kwa ubishi, au siku hizi unamsikiliza daktari? Kaka aliniambia umepata miwani mipya na sasa unatunga uzi kwenye sindano bila kuita mtu. Nilifurahi kweli. Mimi huku mwili ni mzima, kikohozi kile kimeniacha, na chumba nilichopanga sasa kina dirisha linalofunguka.

Najua utashangaa kwa nini nimeandika badala ya kupiga simu. Mama, kwenye simu nikianza tu kusema jambo zito, wewe unaniuliza nimekula nini, nami naishia kukuelezea mboga. Safari hii nataka unisikilize mpaka mwisho, na karatasi haikatizwi.

Halafu kuna swali lako ambalo sijawahi kulijibu vizuri. Uliniuliza mara ya mwisho nilipokuja nyumbani: lakini hasa, mwanangu, huko mnafanya kazi gani? Nikakujibu juujuu kwamba nachora chati. Ukaenda kuwaambia majirani kuwa mwanao anachora picha kwenye kompyuta, na jirani wa mlango wa pili akaniomba nimchore mjukuu wake akiwa amevaa kofia. Nilicheka mpaka nikashika mbavu, lakini nilijua kosa ni langu. Basi leo nakueleza yote, kwa sababu bila kuelewa kazi yenyewe hutaelewa kilichonipata.

Kampuni yetu inahifadhi dawa na chanjo zinazotaka baridi. Ofisi iko ghorofa ya pili, na chini yetu kuna ghala lenye vyumba saba vya baridi. Ukikaa mezani kwangu unasikia mitambo ikivuma chini ya miguu mchana kutwa, mpaka siku ikizimwa kwa matengenezo unahisi kama umepoteza kitu. Kila chumba kina vipimajoto vidogo, kila kimoja ukubwa wa kifungo cha koti, na kila baada ya dakika kumi kifungo hicho kinatuma namba juu kwetu. Sasa piga hesabu. Kwa mwaka mmoja kifungo kimoja kinatuma namba zaidi ya elfu hamsini. Hakuna binadamu anayeweza kuzisoma zote akabaki na akili zake. Kazi yangu ni kuzigeuza namba hizo kuwa picha, ili mkurugenzi akitupa jicho mara moja ajue ghala limelalaje na limeamkaje. Picha hizo zote zinakaa kwenye ukurasa mmoja tunaouita dashibodi. Pia malalamiko ya wafanyakazi, kama taa imeungua au mlango umekwama, yanaingia humo humo. Mfanyakazi anabonyeza kwenye kishikwambi kilichoning'inizwa ukutani kule ghalani, na huku juu mimi nayahesabu.

Miezi miwili iliyopita programu tunayotumia ilipata toleo jipya. Mama, sijui nikuelezeeje furaha yangu. Zamani tulikuwa na chati za tayari tu: nguzo, mstari, na ile ya mviringo inayokatwa vipande. Ni kama nguo za dukani. Kuna ndogo, ya kati na kubwa, na mwenye mabega kama ya Baba, shauri yake. Toleo jipya lilitufungulia chumba cha fundi. Sasa unaweza kukata chati yako mwenyewe kwa vipimo vyako: unachagua umbo, unaandika maelekezo machache, unaamua rangi ianzie wapi na iishie wapi. Ukigusa sehemu yoyote ya picha, kadi ndogo inafunguka na kukusimulia namba iliyo nyuma yake. Unaweza kulaza chati moja juu ya nyingine kama bitana chini ya kitambaa. Unaweza hata kubandika maneno mahali popote, na atakayepita hapo ayakute.

Siku ya kwanza sikunyanyuka kwenye kiti. Mwenzangu wa meza ya jirani aliniambia nilikuwa naongea peke yangu. Nilijaribu kila kitu, mengine ya kipuuzi tu. Nilichora joto la chumba namba moja likafanana na meno ya msumeno. Nilichora malori yanayotoka getini yakawa kama mvua inayonyesha kwa pembeni. Nilikuwa nauliza tu: je, nikigeuza hivi? Je, nikikunja? Unanijua nikishika kitu kipya, hunipati.

Siku ya tatu nikakata chati ambayo hadi leo naiona nikifumba macho. Nilichora duara kama uso wa saa, ila lina saa zote ishirini na nne. Kila siku ya mwaka niliifanya pete moja nyembamba. Siku ya kwanza iko ndani karibu na kitovu, ya mwisho iko nje kabisa ukingoni, na zote zimezungukana kama uzi kwenye kibiringo. Baridi nikaipa rangi ya samawati. Joto likipanda, rangi inaenda kwenye manjano, kisha nyekundu. Nikakiita chumba kimoja baada ya kingine na kutazama pete zao. Chumba cha kwanza, samawati. Cha pili, samawati. Cha tatu vivyo hivyo, na mikwaruzo myepesi ya asubuhi, wakati watu wanaingia na kutoka.

Chumba namba nne ndicho chenye ubaridi mkali kuliko vyote, nyuzi ishirini chini ya sifuri. Ukiingia bila koti zito pua inakauka papo hapo. Nilipokifungua kwenye duara, nikasogea karibu na kioo. Pale penye saa nne asubuhi palikuwa na mstari wa vidoa vya manjano, umeanza kama theluthi moja kutoka kitovuni na kwenda moja kwa moja mpaka ukingoni, mithili ya mishono ya mkono. Nikagusa kidoa kimoja, kadi ikafunguka: Jumanne. Nikagusa kinachofuata: Ijumaa. Kisha Jumanne. Kisha Ijumaa. Miezi kama minane, kila Jumanne na kila Ijumaa, saa nne asubuhi, chumba kinapata joto kwa dakika kama ishirini kisha kinatulia. Kengele ya hatari hailii mpaka zipite dakika thelathini, na wastani wa siku unameza jambo dogo kama hilo bila hata kulitafuna. Kwa hiyo chati zetu za zamani hazikuwahi kuonyesha kitu. Mahali pamoja tu mishono ilikatika: wiki mbili nzima, samawati safi, halafu ikaendelea.

Mama, nilisisimka mwili mzima. Nilijiona kama mtu aliyeokota ufunguo na sasa anautafutia mlango. Kwa nini Jumanne? Kwa nini Ijumaa? Na zile wiki mbili kulikuwa na nini?

Hapo ndipo nilipokosea mara ya kwanza. Badala ya kushuka ngazi ishirini na mbili nikaulize, nilikwenda kuonyesha. Ilikuwa Jumatatu, kwenye kikao cha wakuu. Nikawasha ukuta mzima kwa duara langu, nikaeleza, nikagusa vidoa, kadi zikafunguka. Mkurugenzi alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya tai, akaivaa tena, akasema hajapata kuona kitu kama kile. Kichwa kikanivimba. Kisha akauliza nani anafungua chumba namba nne wakati huo. Msimamizi wa ghala, ambaye sote tunamwita Sawasawa kwa sababu hilo ndilo jibu lake hata ukimwambia paa linavuja, akafungua orodha ya zamu. Akafungua na orodha ya likizo. Zile wiki mbili safi, mtu mmoja tu wa chumba namba nne alikuwa likizo. Alikuwa Bibi Funguo.

Bibi Funguo ni mtunza stoo wetu wa miaka kumi na tisa. Anavaa fungu la funguo kiunoni, unamsikia kabla hujamwona. Ni mkubwa kwako kwa mwaka mmoja au miwili, mfupi, mkavu wa maneno, na hakuna katoni ndani ya ghala lile asiyoijua ilipo. Siku yangu ya kwanza kazini nilipotea kule chini kati ya rafu, na yeye ndiye aliyenitoa, bila kunicheka.

Mkurugenzi akasema hospitali zinatuamini, na mlango hauwezi kuachwa wazi mara zaidi ya sitini kwa mwaka kwa uzembe wa mtu, hata awe wa miaka mingapi. Akaagiza kikao cha nidhamu kifanyike Alhamisi. Sawasawa akasema sawasawa. Mimi nilibaki nimesimama na kile kijiti cha kuelekezea mkononi, ukuta wote unang'aa samawati nyuma yangu.

Kesho yake ilikuwa Jumanne. Saa nne kasorobo nikashuka. Nilimkuta Bibi Funguo amekwisha kuvaa koti, anasukuma kreti tupu kwa mguu. Nikamwamkia, akaitikia. Akafungua mlango wa chumba namba nne, akaiburuta kreti mpaka kizingitini, akaiweka mlango usijifunge, kisha akaingia kupanga mzigo wa siku. Ukungu mweupe ukawa unatambaa sakafuni kutoka ndani. Huo ndio mshono wangu, nikauona kwa macho yangu ukishonwa.

Nikamuuliza kwa nini anaacha mlango wazi. Alinitazama. Hakuwa na hasira, alikuwa kama mtu anayepima kama swali ni la kweli. Kisha akaniambia, "Vaa koti, uingie." Nikavaa. Akaja mlangoni, akakaa upande wa nje akiwa ameushikilia kwa mkono, akasema, "Shika huo mpini wa ndani. Ufungue kama vile nimekufungia."

Nikaushika, nikausukuma chini. Ukazunguka. Nikausukuma tena, ukazunguka tena, mwepesi kama redio mbovu ukizungusha kitufe na stesheni haibadiliki. Haukushika kitu chochote. Mama, mlango ulikuwa wazi, yeye alikuwa ameushika, na jua la asubuhi nililiona kule kwenye mlango mkubwa wa ghala, lakini kijasho chembamba kilinitoka katika baridi ile ya nyuzi ishirini.

Akanisimulia akiwa anaendelea kupanga katoni, hakunyanyua hata macho. Kwamba mpini ule uliharibika mwaka jana. Kwamba siku ulipoharibika yeye alikuwa ndani peke yake, kwa kuwa kila Jumanne na Ijumaa mwenzake wa zamu anakwenda kupakia malori. Mlango ukajifunga. Akasukuma mpini, ukazunguka. Akapiga kelele, lakini kuta zile ni nene na mitambo inavuma. Akachukua kreti akawa anaubamiza mlango nayo, anapumzika, anabamiza, akitembea huku na huku ili miguu isife ganzi. Alikaa dakika thelathini na tano mpaka mpakiaji mmoja alipopita kutafuta kalamu akasikia. Vidole viwili vya mkono wake wa kushoto bado havihisi vizuri. Alionyesha hapo, akarudisha glavu.

Nikamuuliza kwa nini hakutoa taarifa. Hapo ndipo aliponyanyua macho. "Nimetoa mara kumi na moja," akasema. Siku ile ile alibonyeza kwenye kishikwambi cha ukutani. Fundi akaja, akapaka grisi, akaandika kuwa kazi imekwisha. Baada ya wiki moja mpini ukaanza kuzunguka tena. Akabonyeza tena, kila anapoingia, na kila anapoingia peke yake akaweka kreti. Mwisho akamfuata Sawasawa kwa mdomo. Sawasawa akafungua dashibodi akamwonyesha: malalamiko ya mlango wa chumba namba nne, moja, limefungwa. Akamwambia kama kweli yangekuwa kumi na moja, yangeonekana. Bibi Funguo akaniambia alitazama kioo kile na kujiona muongo. Tangu hapo hakubonyeza tena. Kreti ikatosha. Na ndiyo maana zile wiki mbili za likizo yake duara lilikuwa safi: waliomshikia zamu walikuwa wawili, mmoja anaingia na mlango unafungwa, mwingine anabaki nje kumfungulia.

Nilipanda juu nikiwa bado nimevaa lile koti. Nikafungua dashibodi: lalamiko moja, limefungwa. Nikashuka chini ya dashibodi, kwenye kumbukumbu zenyewe kama zilivyotoka ukutani kabla hazijaguswa na mtu. Yalikuwepo. Kumi na moja, moja chini ya jingine, maneno yale yale, kwa sababu fomu ya kishikwambi haina nafasi ya kueleza. Unachagua tu: mlango, mpini, chumba namba nne. Sasa nikawa natafuta yalipotelea wapi katikati ya njia. Haikunichukua dakika tano. Kulikuwa na kanuni ndogo ya kusafisha takwimu, inayosema kwamba lalamiko likifanana na jingine la mahali pale pale ndani ya siku tisini, lihesabiwe mara moja tu. Na juu ya kanuni, kama ilivyo desturi yetu, kuna jina la aliyeiandika. Lilikuwa jina langu.

Sitakudanganya kwamba nilisimama pale pale kwenda kusema. Jumatano nzima nilikaa kimya. Niliwaza kuifuta kanuni polepole, namba zijirekebishe, na kila mtu adhani programu mpya ndiyo iliyoyafukua. Nilipiga mahesabu ya kila namna. Lakini kila funguo zilipolia kule chini nilihisi kama naitwa.

Alhamisi tuliingia kikaoni. Walikuwepo mkurugenzi, afisa utumishi, Sawasawa, na Bibi Funguo, ameweka fungu lake mapajani na kulifunika kwa viganja lisitoe sauti. Nikaomba niongee kwanza. Nikawasha duara lile lile. Kisha juu yake nikalaza chati ya pili, ya malalamiko ghafi, na kila lalamiko nililipa kidoa cheusi. Vidoa vyeusi kumi na kimoja vikakaa juu ya pete, na wote wakaona bila kuambiwa: cheusi cha kwanza, wiki moja ya samawati, cheusi cha pili, na manjano yanaanza. Nikayasoma yote kwa sauti pamoja na tarehe zake. Nikasema kanuni iliyoyameza niliiandika mimi.

Mkurugenzi hakufuta miwani safari hii. Alisimama, akatushusha sote mpaka chumba namba nne, akaingia bila koti, akaushika ule mpini. Ukazunguka. Akauzungusha mara tatu nne, kama mtu asiyeamini mkono wake. Alipotoka alimgeukia Sawasawa, na siku hiyo, Mama, Sawasawa hakusema sawasawa. Mpini mpya ulifungwa kabla ya saa nane mchana. Ikatoka amri kwamba hakuna kuingia chumba kile peke yako, na kesi ya Bibi Funguo ikafutwa mbele yake, kwa maandishi. Afisa utumishi akamwomba radhi kwa niaba ya kampuni. Bibi Funguo akasema amesikia, akauliza kama anaweza kurudi kazini kwa sababu kuna lori linasubiri.

Kuhusu mimi, mkurugenzi aliniambia lile lilikuwa kosa la kiufundi, linaweza kumpata yeyote, na kwamba alipenda ujasiri wangu. Watu wakanipiga mabega. Hapo, Mama, ndipo lilipo jambo lililonifanya nishike kalamu.

Halikuwa kosa la kiufundi. Nilipoiandika kanuni ile, malalamiko ya dashibodi yalikuwa mengi na chati ilikuwa mbaya kuitazama, nguzo ndefu zinazogonga dari. Niliambiwa nisafishe yaliyojirudia. Kabla sijaiwasha niliijaribu, ikaniletea orodha ya itakavyoyafuta. Malalamiko ya chumba namba nne wakati huo yalikuwa matano, na niliyaona. Niliona tarehe hazifanani. Mtu aliyebonyeza kwa bahati mbaya mara mbili anabonyeza dakika ile ile, habonyezi Jumanne, Ijumaa, Jumanne. Mimi ninayeuliza kila kitu, nilijua kuna swali pale, na sikuliuliza, kwa sababu kikao kilikuwa kesho yake na nguzo zilikuwa zimeshuka vizuri mno. Nikabonyeza. Sita yaliyofuata yalimezwa yenyewe. Na kile cheti cha mfanyakazi bora, ulichokitundika sebuleni juu ya redio ukawaita hadi mashemeji waje kukiona, nilipewa kwa ajili ya chati ile. Naomba ukishushe, Mama. Usikichane, kiweke kabatini. Nikija tutaamua pamoja.

Ijumaa nilimweleza mkurugenzi. Akaniondoa kwenye usimamizi wa ripoti kwa miezi sita, na nikaona ni haki. Jumanne iliyofuata nikamweleza Bibi Funguo. Nilikuwa nimeomba niwe mimi wa pili wake kila Jumanne na Ijumaa, yeye anapanga, mimi nashika mlango. Nilimwambia hapo hapo kizingitini, bila kupamba. Aliendelea kupanga mpaka rafu ikajaa. Kisha akatoka, akavua glavu, akasema, "Hilo duara lako linalosemwa, sijaliona vizuri. Nionyeshe."

Nikamfungulia kwenye kishikwambi cha ukutani. Akaniuliza siku zinasomwaje, nikamwonyesha. Akawa anazipita pete taratibu kwa kidole, akihesabu kwa midomo, mpaka akafika alipopataka. "Hapa," akasema. "Hapa ndipo nilipokuwa ndani."

Nikainama kutazama. Mama, kila asubuhi kwenye chumba kile kuna mikwaruzo ya mlango kufunguliwa na kufungwa. Siku ile, saa ile, hakukuwa na hata mmoja. Mlango ulikuwa umefungwa barabara. Ilikuwa samawati iliyokolea, tulivu, nzuri kuliko sehemu yoyote ya asubuhi katika mwaka mzima.

Naye aliiona. Akasema, "Kumbe huku kwenu nilikuwa salama kabisa."

Akaniuliza kama ni kweli siku hizi inawezekana kuandika kitu mle. Nikasema inawezekana. Akataka kuandika mwenyewe. Nilimfungulia sehemu ya maneno nikasogea pembeni, na akabonyeza herufi moja moja kwa kidole cha mkono wa kulia, bila haraka, lori likipiga honi nje. Sasa mtu yeyote pale ofisini, hata mkurugenzi, akiligusa duara la chumba namba nne mahali pale palipo pazuri, kadi inafunguka na kusema: Dakika thelathini na tano. Mtu alikuwa ndani. Alibamiza mlango.

Hakuniambia kama amenisamehe, nami sikumuuliza. Alirudisha glavu, akaniambia nishike mlango.

Naishia hapa, Mama, mkono umechoka na karatasi imebaki ukingo. Nisalimie Baba, mwambie nitamletea betri za redio. Nisalimie Kaka na shemeji, na wadogo wote wanaokuzunguka pale kwenye cherehani kuokota vipande. Mwambie jirani wa mlango wa pili kwamba picha ya mjukuu siwezi, lakini salamu zangu azipokee. Ukimaliza kuisoma usinipigie siku hiyo hiyo. Kaa nayo, kisha nijibu unavyoona wewe, hata kama ni kunigombeza. Nitayapokea yote.

Wako mtiifu, mwanao wa pili.